Mabenchi ya Watu Watano

Jumatatu, 8 Aprili

Daftari hili nililinunua la kuandikia oda, lakini wateja wangu wanaagiza kwa simu na kulalamika kwa mdomo, kwa hiyo kurasa zimebaki tupu. Leo nimepata oda inayostahili wino. Kanisa letu limeniagiza mabenchi ishirini na sita. Halikumwagiza yule jamaa wa kona anayepigilia misumari kama anaua nyoka. Mimi.

Mchungaji alikuja karakana mwenyewe, kijana wa watu, suruali kaikunja hadi magotini kwa ajili ya matope. Alikuwa na Mama Ratiba, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa Idara ya Familia. Tangu kanisa lijengwe wanaume wanakaa kushoto, wanawake kulia, watoto wanarundikwa mbele. Idara imeamua kwamba sasa kila familia itakaa pamoja, kwenye benchi lake lenye kibao chake. Kila benchi watu watano: baba, mama na watoto watatu. Kati ya mtu na mtu kuwe na mkono wa mbao.

"Mikono ya nini, Mwalimu?" nikauliza.

"Ili asijipenyeze mtu asiyehusika."

"Na familia ya watu wanne?"

"Wataongeza."

Mchungaji akakohoa, akatazama dari.

Uzinduzi ni Jumapili ya Familia, tarehe 2 Juni. Mimi nimefanya kazi katika miji saba, nimetengeneza kitanda cha jaji na meza ya kamari ya mtu ambaye jina lake silitaji. Mabenchi ishirini na sita kwangu ni kifungua kinywa.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua kutwa. Nimekata mbao za mabenchi yote kwa mpigo mmoja, kipimo kimoja. Mafundi wengine wangetengeneza benchi moja kwanza waone. Ndiyo maana wanaitwa wengine.

Ijumaa, 12 Aprili

Kwa vile daftari halina ulimi, niandike ukweli wa nyumbani kwangu.

Tuko watatu. Mimi. Binti yangu wa miaka kumi na moja, ninayemwita Futi kwa sababu ndiye anayenishikia ncha ya pili ya tepu tangu alipojua kusimama. Na mama mkwe wangu, mzee wa miaka sabini na moja, goti moja bovu, redio moja nzima.

Mke wangu alikwenda ng'ambo miaka minne iliyopita kuuguza wazee wa watu. Mama yake akaja kwangu kunisaidia kumlea Futi, kwa miezi sita tu. Mwaka juzi zikaja karatasi za mahakama. Nikasoma, nikaelewa, ingawa shule niliiacha darasa la saba. Mke wangu si mke wangu tena, na sasa ana mume mwingine huko huko. Karatasi niliziweka kwenye droo ya patasi. Mama mkwe alizisoma akiwa amesimama, akakunja, akaniuliza, "Sabuni imebaki?" Hatukuzungumza tena jambo hilo. Mimi nikakaa hivyo hivyo, yeye akakaa hivyo hivyo.

Kanisani nasema mke wangu atarudi Desemba. Nimelisema hili mara nyingi hadi Desemba yenyewe inanionea aibu.

Leo amepiga simu shemeji yangu, kaka wa aliyekuwa mke wangu, mfanyabiashara, nyumba yake ina vyumba hadi vingine havina kazi. Dada yake amemwambia kila kitu.

"Shemeji," akasema, "sina ugomvi na wewe. Lakini mama hawezi kuendelea kukaa kwa mwanamume ambaye si mume wa binti yake. Yuko hapo kama nani?"

Nikasema, "Kama mama."

"Mama wa nani?"

Nikahamisha simu sikio la pili.

"Barabara ikikauka nakuja na gari kumchukua," akasema. "Sasa hivi haipitiki."

Nikatazama nje. Mvua ilikuwa inapiga bati kama inadai mlango.

Jumamosi, 13 Aprili

Benchi la kwanza limesimama. Zuri kuliko waliolikalia. Waliolikalia ni mimi na Futi. Nimelipaka vanishi.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Vanishi haijakauka.

Alhamisi, 18 Aprili

Mama Ratiba ameniletea rundo la fomu. Kwa sababu fundi anaheshimika kila nyumba (maneno yake, mimi sikukanusha), nipite nyumba kwa nyumba nijaze fomu za kila familia, nichukue na maneno ya vibao. Fomu ina mistari minne. Baba. Mama. Watoto. Namba ya cheti cha ndoa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilianza kwa fundi cherehani, mwanamke mcheshi, nyuma ya soko. Watoto watatu mezani wanafanya kazi za shule kwenye kitambaa cha bibi harusi wa mtu. Mmoja wake, wawili wa marehemu dada yake.

"Baba," nikasoma.

"Ruka."

"Fomu haina kuruka, dada."

"Basi andika cherehani. Ndiyo inayolisha." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Fundi, hilo benchi nitapata? Hawa wa dada yangu wakikaa mbele na watoto wengine huwa wanaulizwa mama yao yuko wapi. Nataka wakae na mimi."

"Utapata," nikasema. Mimi tena, mwenye kanisa. "Nimekukatia mbao tayari."

Nilipotoka alinisindikiza na mwavuli mpaka kwenye lami.

Jumamosi, 27 Aprili

Nyumba tisa leo. Mlinzi wa ghala na mwenzake wameishi pamoja miaka thelathini na moja, wana wajukuu, na hawajawahi kufunga ndoa. Kwanza hawakuwa na nauli ya kwenda kwao kuomba baraka, kisha wakawa na watoto, kisha wakaona aibu. Nilipofika kwenye namba ya cheti yule mama alinyanyuka kwenda kuangalia maji jikoni. Jiko halikuwa na moto.

Nyumba iliyotoshea fomu sawasawa ni ya muuza dawa. Baba, mama, watoto watatu, cheti kimetiwa fremu ukutani. Baba na mama walikuwa wamekaa sebule moja. "Mwambie mama yako alete kalamu," akamwambia mtoto. "Mwambie baba yako iko mbele yake," mama akajibu. Mtoto akamtazama huyu, akamtazama yule, akanipa kalamu yake.

Nimerudi nikiwa nimelowa, fomu nazo zimelowa, na wino wa "Baba" umekimbilia kwenye "Watoto".

Jumatano, 1 Mei

Mvua. Mabenchi kumi na nane yamesimama, yote yananata. Mama mkwe amepita akagusa moja kwa kidole. "Hizi asali au vanishi?"

Jumamosi, 4 Mei

Jambo geni linanisumbua. Fundi anaomba jua. Kila asubuhi naamka nataka jua, vanishi ikauke, kazi iishe kwa wakati. Kisha nasikia goti la Mama likilia anapoinuka kuwasha redio, nakumbuka barabara, nataka inyeshe. Leo nimesimama mlangoni muda mrefu bila kujua naomba nini.

"Ingia ndani au toka," akasema Mama. "Unaleta baridi."

Jumamosi, 11 Mei

Leo nitaandika kirefu, mkono uchoke, labda kichwa kitatulia.

Kikao cha Idara kilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa. Mchungaji, Mama Ratiba, wazee wawili wa kanisa, na mimi kama fundi. Fundi cherehani alikuwepo pia, analeta vitambaa vya madhabahu. Mama Ratiba akasoma orodha. Fomu ni ishirini na sita. Familia zilizokamilika, alisema, ni tisa. Hizo zitakaa kwenye mabenchi mapya, na mengine yatasubiri zikamilike nyingine. Waliobaki wataendelea kukaa nyuma kwenye mabenchi ya zamani.

Mchungaji akasema polepole, "Tisa tu, Mwalimu? Katika ishirini na sita?"

"Mimi sikuziumba, Mchungaji. Nimezihesabu. Tukiweka kila mtu mbele, vijana watajifunza nini?"

Hakuwa na ukali. Alisema kama mtu aliyechoka kupanga chumba ambacho wenzake wanakivuruga.

Kisha akasoma majina ya hao tisa. Benchi namba moja, mbele kabisa: la fundi. "Ndugu yetu anayemsubiri mkewe kwa uvumilivu," akasema. "Mfano kwetu sote."

Wote wakanigeukia. Mzee mmoja akanipiga bega.

Mimi ni mtu wa maneno. Nimewahi kumshawishi askari aniombe radhi. Pale nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, haifiki maneno kumi, na nilikaa kimya. Nilifikiri hivi: nikisema sina mke, mama mkwe hana mkwe. Maneno ya shemeji yatakuwa kweli mbele ya kanisa zima, naye Mama hataweza hata kunyanyua uso. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini niseme yote: pia nililipenda lile benchi namba moja.

Fundi cherehani alikunja vitambaa vyake kimoja kimoja. Alipopita kwangu akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Si ulisema umenikatia mbao?"

Nyumbani Mama alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza, nikifanya mzaha mzaha, habari ya mfano kwetu sote.

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

"Wewe. Ambaye hunyamazi hata ukipiga mswaki."

"Mama, nilikuwa nakulinda."

Akasukuma sinia. "Mimi nimezika mume, nimezika watoto wawili, nimevuka mpaka na mzigo kichwani. Sasa unanilinda dhidi ya Mama Ratiba?" Akachukua redio yake akaingia chumbani.

Jumapili, 12 Mei

Mama hakwenda kanisani. Amesema goti. Futi ameniambia, "Baba, goti halikumuuma jana."

Jumanne, 14 Mei

Mvua. Hanisemeshi. Chai anampa Futi aniletee. Tumekuwa nyumba ya muuza dawa.

Jumatano, 15 Mei

Nimemuuliza Futi kama shuleni watu wanamuuliza habari za mama yake. Akasema huwa anajibu Desemba. Sikumfundisha mimi.

Jumamosi, 18 Mei

Nilikwenda kwa Mama Ratiba. Nilijiandaa njiani kwa maneno makali, mengine ya lugha za watu niliyoyaokota katika ile miji saba. Akanifungulia mwenyewe. Chumba na sebule, safi, ratiba ya wiki ukutani. Kiti kimoja mezani. Kingine kilikuwa na vitabu, na vumbi la vitabu lilionyesha kwamba havijahamishwa siku nyingi.

Maneno makali yakanipotea. Nikatoa fomu.

"Nyumba zote nimepita, Mwalimu, isipokuwa hii."

"Mimi si lazima."

"Nyumba hii ni wangapi?"

"Unaona mwenyewe."

"Siku ya uzinduzi utakaa wapi?"

Akapanga kalamu zake, ambazo zilikuwa zimepangika tayari. "Nitakuwa mlangoni, nakaribisha watu. Huwa nakuwa mlangoni." Kisha akasema, "Nimefundisha miaka thelathini na sita. Watoto wa watu wote hao nimewashikisha chaki. Nilitaka Jumapili moja tu nione kanisa limekaa vizuri."

Nikaketi pale juu ya vitabu vyake, nikamwambia ukweli wangu wote, karatasi za mahakama, droo ya patasi, Desemba. Hakunikatiza. Mwisho akasema, "Miaka miwili?"

"Miwili."

"Na mimi niliyewapima wanafunzi wote kwa macho tu." Akachukua orodha ya wale tisa, akaitazama. "Kesho useme mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Jumapili, 19 Mei

Nimesema. Baada ya ibada, mbele ya kikao na waliokuwa wanapita, kwa sababu nilianza chumbani na sauti yangu ikatoka nje bila ruhusa. Nimesema sina mke, nina mtoto na mama, na huyo mama alizaa mtu mwingine lakini ni mama.

Mchungaji akasema, "Kwa hiyo kila Alhamisi nilikuwa naombea safari ya mkeo."

"Maombi hayakupotea, Mchungaji. Amefika salama huko alikofika."

Alijitahidi asicheke, akashindwa, akafuta macho. Halafu akawa makini, akaniambia kwamba yeye alilelewa na baba wa kambo, na siku ya kubarikiwa kwake uchungaji walipoitwa wazazi mbele, yule mzee alibaki kitini kwa sababu hakujua kama anaitwa. "Bado najilaumu," akasema. "Nilisimama pale na kanzu mpya, sikumpungia hata mkono." Akamgeukia Mama Ratiba. "Mwalimu?"

Mama Ratiba akaniuliza mimi. "Hiyo mikono ya mabenchi inaweza kutolewa?"

Mikono minne kwa kila benchi, mara ishirini na sita, yote imeungwa kwa ulimi na tundu, gundi ya daraja la kwanza, kazi ambayo ningewaonyesha wajukuu.

"Inatoka," nikasema.

Nyumbani nikamwambia Mama nimesema. Akaniangalia kwanza viatu, kisha uso. "Chai iko kwenye chupa," akasema. Nilimimina mwenyewe, lakini alikuwa amenisemesha.

Alhamisi, 23 Mei

Nakata mikono. Futi anahesabu. Mlinzi wa ghala amekuja na msumeno wake wakati wa mapumziko, akaanza benchi la mwisho kuja mbele. Tulikutana katikati. Kila mkono unapotoka unaacha makovu mawili kwenye mbao. Nayapiga msasa, hayafutiki yote. Vanishi upya.

Jumamosi, 25 Mei

Fomu mpya imechapwa. Ina mstari mmoja: Waliomo nyumbani. Yetu nimempa Mama aijaze, mwandiko wangu na kuku ni ndugu. Ameijaza akaikunja akaipeleka mwenyewe kwa Mama Ratiba, goti na yote. Hakuniruhusu kuiona.

Jumatano, 29 Mei

Haikunyesha.

Alhamisi, 30 Mei

Jua. Mabenchi nje, yanameta. Nilipaswa kufurahi. Nilitembea hadi barabarani nikakanyaga matope. Yamekuwa magumu juu, chini bado laini kidogo.

Jumamosi, 1 Juni

Jua kali. Shemeji amepiga simu. Anakuja kesho asubuhi, tukitoka kanisani aondoke na mama. Nimemwambia Mama. Akasema, "Amekuwa akiendesha kwa kasi tangu utoto." Kisha akatoa nguo zake zote kwenye sanduku, akazikung'uta, akazikunja. Sijui kama alikuwa anafunga au anapanga. Sikuthubutu kuuliza. Nimepiga randa kipande cha mbao kisicho na kazi hadi kikaisha.

Jumapili, 2 Juni

Mabenchi yako mahali pake. Hakuna mbele ya nani wala nyuma ya nani, tulipiga kura ya vikaratasi. Sisi tumepata la nane, karibu na dirisha. Fundi cherehani kapata la saba, akaingia na watoto watatu, meno yote nje. Mlinzi na mwenzake wameshikana mikono kama wezi wa mara ya kwanza. Ndoa yao ni mwezi ujao, Mchungaji amejitolea kuwafungisha bila sherehe, na mwenzake amesema sherehe anaitaka.

Mama Ratiba alisimama mbele, akasoma fomu moja moja, na kila nyumba ikiitwa inakwenda kukaa. Shemeji alifika wakati huo. Nilimwona mlangoni, funguo za gari mkononi, miwani kichwani.

"Benchi la nane," Mama Ratiba akasoma. "Waliomo nyumbani. Mkuu wa nyumba: mimi, bibi, miaka sabini na moja. Mjukuu mmoja, wa kike, anajua hesabu. Mtoto mmoja, wa kiume, miaka arobaini na sita, seremala, anasema sana."

Kanisa likacheka, kicheko cha kweli. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta kitu cha kuangalia sakafuni.

Shemeji akaja hadi kwenye benchi, akainama. "Mama. Mtoto mmoja? Na mimi?"

"Wewe una fomu kwenu," Mama akasema, bila kupunguza sauti. "Hii ni ya waliomo ndani."

"Lakini gari nimekuja nalo."

"Nimeliona. Sogea ukae, watu wanataka kuendelea."

Akabaki amesimama, mtu mzima, mwenye vyumba visivyo na kazi. Nikajivuta ukutani. Futi akajivuta. Pale ambapo kungekuwa na mkono wa mbao kulikuwa na nafasi. Akakaa. Akageuka kunitazama juu ya kichwa cha Futi, akanipa mkono, nikaupokea. Wa kwanza kuachia hakuwa mimi.

Fomu zilipokwisha Mama Ratiba alikunja karatasi zake akaelekea mlangoni, kituo chake. Mama akamshika sketi alipopita.

"Mwalimu, unakwenda wapi? Hapa tuko wanne."

"Mimi ni mhudumu, mama."

"Hudumu ukiwa umekaa."

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji aliondoka jana jioni, gari tupu. Kabla ya kuwasha aliniuliza kama namwangalia Mama dawa zake za goti. Nikamwambia namwangalia, yeye ndiye asiyeziangalia. Akasema atakuja kila mwezi, mvua au jua, barabara au bila barabara.

Leo asubuhi Mama amenitupia gauni lake jeusi la kanisani juu ya meza ya kazi. Mgongoni kuna mstari mrefu wa kahawia, na sehemu ya kukalia kuna mwingine.

"Hukusema vanishi imekauka?"

"Ilikauka, Mama. Kwa juu."

"Kwa juu." Akaliangalia gauni, kisha akaniangalia mimi, huyu fundi wa miji saba. "Peleka kwa yule fundi wako cherehani anishonee jingine. Kipimo anacho, tulikaa karibu."

Nikafungua daftari hili, kwa mara ya kwanza nikaandika oda ndani yake. Gauni jeusi, moja. Nikamuuliza niandike ni la nani, yule mshonaji ana wateja wengi, asije akachanganya.

"Andika la mama yako," akasema, akaongeza sauti ya redio.